Sikiliza "Pa": wapiga dramsi walioibeba polka

Usiku wa tarehe 14 Septemba 1980, kijana mmoja alifika na kodiani yake kwenye kipindi cha redio cha Dr. Demento, California, tayari kuimba moja kwa moja hewani wimbo wa kuchekesha kuhusu abiria waliobanana ndani ya basi. Aliitwa Alfred Yankovic, ila wasikilizaji walimjua kwa jina la "Weird Al". Nje ya chumba cha kurushia matangazo akakutana na kijana mwenzake, Jon Schwartz, aliyemwambia kwamba yeye hupiga dramsi. Dramsi zenyewe hazikuwepo. Lililokuwepo ni sanduku la kubebea kodiani. Wakafanya mazoezi mara chache tu, zamu yao ikafika, na Schwartz akaanza kuligonga lile sanduku.

Nimeisikiliza rekodi hiyo mara nyingi kuliko nyimbo nyingi zilizogharimu fedha za kutisha studio. Sauti ya sanduku ni nene na kavu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani usiku wa manane. Haina mwangwi wala mapambo, lakini kodiani inaiegemea toka mwanzo hadi mwisho bila kuyumba. Wimbo ule si polka. Polka zilifuata: kuanzia albamu ya mwaka 1984 Yankovic alijijengea desturi ya kushona vipande vya nyimbo zinazovuma na kuvipiga vyote kwa mwendo wa polka, na nyuma yake amekaa Schwartz yuleyule wa sanduku. Wimbo wa roki uliokuwa ukienda kwa kishindo unaingia pale ukiwa umevaa viatu vya harusi ya kijijini, na kazi ya Schwartz ni kuhakikisha vipande kumi na zaidi, kila kimoja kikiwa na tabia yake, vinapita mlango mmoja bila kugongana. Ni kazi ngumu sana, na kwa kuwa inachekesha, wachache huisikia kama kazi.

Kuna jambo nimelibeba moyoni muda mrefu kuhusu muziki huu. Watu huitambua polka kwa kodiani, huisifia kodiani, na heshima zote humwendea mwenye kodiani. Mimi nasema polka imetoka mji gani utalijua hilo kwa dramsi. Fumba macho, iache kodiani ipite, sikiliza namna mpigaji anavyoliweka pigo la pili, na utaanza kuitenganisha Chicago na Cleveland, San Antonio na New Ulm. Wenye mikono hiyo, wengi wao, majina yao hayakuandikwa hata nyuma ya jalada la santuri.

Nilijifunza dramsi Dar es Salaam, kwenye bendi ya dansi, kwa mzee mmoja ambaye hakuwa na maneno mengi. Usiku wangu wa kwanza jukwaani nilipiga kila nilichokijua. Tulipokuwa tunafungasha vyombo nikamfuata.

"Mzee, nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mwanangu. Umesema mno."

Jibu lile lilikaa nami kama mwiba hadi miaka mingi baadaye, nilipomtembelea dada yangu Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Huko polka ni dansi rasmi ya jimbo kwa mujibu wa sheria tangu miaka ya 1990. Ijumaa moja akanipeleka kwenye ukumbi wa kanisa, watu wanakula samaki wa kukaanga, na mbele kuna bendi ya watu watano. Mpiga dramsi alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, shati la mikono mifupi, snea moja, ngoma kubwa ya mguu, haihati, toazi moja la kuning'inia. Hana kingine. Juu ya ngozi ya snea, pembeni karibu na pete, alikuwa ameweka pochi yake, ile ya fedha, imechakaa hadi kingo zimekuwa nyeupe. Pochi inazuia ngozi kulialia baada ya pigo. Kila alipopiga, sauti ilikatika papo hapo, "pa", kisha kimya, na ndani ya kile kimya ndipo wazee waliokuwa wakicheza waliinua miguu yao.

"Kaka, mbona humtazami mwenye kodiani?" dada akaniuliza.

Nilikuwa natazama pochi. Wimbo uliisha, mwingine ukaanza kwa kasi zaidi, na yule mzee akaisogeza pochi upana wa kidole kimoja kuelekea pembeni. Snea ikafunguka kidogo tu, ikang'aa. Wimbo wa tatu ulikuwa wa pole, akairudisha. Muda wote uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri chai.

Polka ilizaliwa Bohemia, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech, miaka ya 1830. Ilipofika 1844 Paris na London zilikuwa zimepagawa nayo. Jina lake wengi hulihusisha na neno la Kicheki lenye maana ya nusu, kwa ajili ya ile hatua fupi ya kurukaruka. Muziki wake huhesabiwa mbili: moja inashuka, moja inapanda. Ile ya kushuka, "dum", ni ya ngoma kubwa, au tuba, au besi. Ile ya kupanda, "pa", ni ya snea. Anayetazama kwa mbali ataona hakuna la kujifunza hapo, mtoto wa shule ya chekechea angeweza. Lakini "dum" inamwambia mcheza dansi akanyage, na "pa" inamwambia ainuke. "Pa" ikiwahi kidogo, ukumbi mzima unahisi umesukumwa mgongoni. Ikichelewa kidogo, watu wanalegea, wanaanza kutembea badala ya kuruka. Ikirefushwa kwa vijiti kutetemeka juu ya ngozi, mwili unavutwa kama mpira. Tofauti zenyewe ni ndogo mno kuandikwa kwenye karatasi ya noti, ndiyo maana anayejifunza hukaa karibu na anayejua na kumwangalia mikono.

Zamani mapigo hayo mawili yalikuwa ya watu wawili. Mmoja alipiga ngoma kubwa, mwenzake ndogo, kama ilivyokuwa kwenye ngoma za beni za pwani yetu enzi za vyama vya Marini na Arinoti. Mwaka 1909 William Ludwig wa Chicago alisajili hataza ya pedali ya mguu iliyoweza kwenda kasi, na kiwanda chake kikaisambaza. Mtu mmoja akaketi, mguu ukachukua "dum", mkono ukachukua "pa", na seti ya dramsi tunayoijua ikakaa sawa. Ukumbi mdogo uliokuwa hauwezi kulipa wapigaji wawili ukaweza kumlipa mmoja.

Lakini si kila mahali watu walikubali kuyaunganisha. Kusini mwa Arizona, jangwani, jamii ya Tohono O'odham ina muziki wake wa dansi uitwao waila, neno lililotokana na la Kihispania lenye maana ya dansi. Polka imo ndani yake, tena kwa wingi. Bendi zao za kale zilikuwa na fidla mbili, gita, na dramsi zilizogawanywa: huyu snea, yule ngoma kubwa. Gu-Achi Fiddlers walirekodi kwa mtindo huo, na rekodi zao ndizo ningemchezea mtu anayetaka kuelewa ninachosema kuhusu "pa". Kwa kuwa pigo la chini liko kwa mtu mmoja na la juu kwa mwingine, kati yao kuna mazungumzo, hata kupishana kwa unywele mmoja. Mguu na mkono wa mtu yuleyule haviwezi kuleta hali hiyo, kwa sababu vinatii kichwa kimoja. Wacheza dansi wa waila huzunguka kinyume cha saa, wakiburuza hatua laini, usiku kucha hadi jua lichomoze. Ngoma za haraka zenye fujo zingewachosha kabla ya saa sita.

Sasa niende Chicago, kwa mtu ninayempenda kuliko wote.

Walter Jagiello alizaliwa huko tarehe 1 Agosti 1930, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Alianza kuimba kwenye mikusanyiko ya Wapolandi akiwa mdogo kiasi kwamba jina la "Mały Władziu", Wally mdogo, likamganda, na kwa Kiingereza akawa Li'l Wally maisha yake yote. Dramsi alijifundisha mwenyewe, konsetina pia. Bado kijana mdogo alikuwa anapiga kwenye vilabu vya mtaa wa Division, ambao kwa wingi wa kumbi zake uliitwa Broadway ya Wapolandi. Wateja walikuwa watu wa viwandani na machinjioni. Walitoka kazini wamechoka, wakitaka nyimbo za bibi zao.

Wakati huo polka ya Kipolandi iliyotamba kwenye santuri ilitoka miji ya mashariki mwa Marekani. Ilikuwa na okestra kubwa, noti zilizoandikwa kwa ustadi, na mwendo wa mbio. Muziki mzuri, sibishi, ila ulihitaji pumzi ya kijana na viatu vipya. Li'l Wally akapunguza mwendo. Akapunguza watu: konsetina, klarineti, tarumbeta, dramsi. Akaacha wapulizaji wapambe wimbo kwa kusikilizana, bila kuandikiwa. Juu ya yote hayo aliimba kwa Kipolandi huku anapiga dramsi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Anayeimba akiwa na gita anaweza kulinyamazisha gita pale sauti inapotaka kuvuta. Anayeimba akiwa nyuma ya dramsi hana ruhusa hiyo. Mguu ukisimama, ukumbi umesimama. Kwa hiyo Wally ilimbidi awe watu wawili: sauti inayochelewa, inayolia, inayong'ang'ania silabi, na mikono inayokwenda mbele bila huruma. Sikiliza rekodi zake za miaka ya 1950 utaisikia hiyo tofauti. Sauti iko nyuma ya pigo, imelemewa na huzuni au na furaha, na snea haimsubiri. Mwishoni mwa mstari, anapovuta pumzi, ndipo vijiti vinapata nafasi ya kuunguruma kwa muda mfupi, roli fupi iliyobanwa, halafu mstari mpya unaingia. Anajijibu mwenyewe. Wapiga dramsi wengi huweka madoido pale wanapojisikia. Yeye aliyaweka pale mapafu yake yalipomwamuru, na kwa sababu hiyo hayawahi kuzidi.

Mtindo huo wakauita "honky", na Chicago nzima ikaufuata. Mwaka 1951, akiwa na miaka 21, alianzisha kampuni yake ya santuri, Jay Jay, ili asimwombe mtu ruhusa ya kurekodi. Mwaka 1954 wimbo wake "Wish I Was Single Again" ulimpeleka nje ya mitaa ya Wapolandi. Mwaka 1959 alishiriki kutunga wimbo wa timu ya besiboli ya White Sox, na timu hiyo ilipokuwa inaelekea ubingwa mwaka 2005 mashabiki waliufufua. Wally alikuwa hai kuyaona hayo. Alifariki Agosti mwaka uliofuata. Ukumbi wa heshima wa polka ulipowapokea watu wake wa kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, yeye alikuwa mmoja wao pamoja na Frankie Yankovic, ambaye hana udugu wowote na yule Yankovic wa kodiani na basi. Wengi hueleza kuingia kwake kwa sauti na tungo zake. Dramsi hutajwa mwishoni, kama mtu anayetaja kwamba marehemu pia alikuwa anajua kuendesha gari. Hili huniuma.

Baada yake alikuja Eddie Blazonczyk na kundi lake la Versatones, lililoanza mwaka 1963. Kabla ya hapo aliwahi kurekodi roki akijiita Eddy Bell, na alipogeukia polka hakuliacha gita lake la besi la umeme nyumbani. Besi ile ilimlazimisha mpiga dramsi kuongeza nguvu: ngoma ya mguu ikawa nzito, snea ikajaa, toazi likaanza kusukuma mbele. Kodiani ikitikiswa mivukuto yake, dramsi inaishikilia isitoke nje ya barabara. Ni muziki wa jasho. Naupenda, ingawa nikiwa peke yangu nyumbani hurudi kwa Wally.

Kuna jambo lililonishangaza nilipoanza kutafuta wapiga dramsi ninaowapenda katika kila mtindo. Mitindo miwili kati ya mashuhuri kabisa iliweza kuishi bila wao.

Frankie Yankovic wa Cleveland alikuwa mwana wa Waslovenia, na mwaka 1948 alitawazwa mfalme wa polka wa Marekani huko Milwaukee. Kundi lake la miaka hiyo, lililorekodi "Just Because", lilikuwa la watu watano: kodiani mbili, piano, banjo na besi. "Pa" ilikuwa wapi? Kwenye banjo. Georgie Cook aliikwaruza banjo yake kavukavu, nyuzi zikizimwa mara tu zikishaguswa, na kazi yote ya snea ikawa imefanywa na mtu aliyeshika ala ya nyuzi. Ndiyo maana wapiga dramsi waliokuja baadaye katika mtindo wa Cleveland hupiga kwa wepesi mno, mara nyingi haihati na ncha ya kijiti tu. Wamekuta kiti kina mwenyewe, wakakaa ukingoni kwa adabu. Ukimsikia mpiga dramsi wa Cleveland anapiga kama wa Chicago, ujue kodiani mbili zile hazitasikika na banjo itakasirika.

Kwenye asili ya Waslovenia wenyewe, Ulaya, Slavko Avsenik wa kijiji cha Begunje alianzisha kundi mwaka 1953 lililokuja kuigwa na mamia ya bendi kuanzia Austria hadi Uholanzi. Klarineti, tarumbeta, kodiani, gita, na besi au baritoni. Dramsi hakuna. Gita la Lev Ponikvar ndilo lililokuwa linainua miguu ya watu. Mkono wake wa kulia ukishuka kwenye nyuzi na kiganja kikizizima hapohapo, "pa", ni pigo la snea kabisa. Namhesabu Ponikvar miongoni mwa wapiga dramsi wangu, na sioni sababu ya kuomba radhi kwa hilo.

Wakikuyu wa Kenya wangenielewa upesi. Mwomboko wao, ulioshamiri miaka ya 1940, watu wakicheza wawili wawili kwa namna iliyochota kutoka dansi za wazungu, unabebwa na kodiani na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma. Hatua mbili, kisha kuinama. Hakuna ngoma ya ngozi hata moja, na bado hakuna anayepotea njia.

New Ulm, Minnesota, mji wa watu wenye asili ya Kijerumani, wao walimpa "dum" mwenye tuba. Whoopee John Wilfahrt alikuwa wa huko, na Harold Loeffelmacher, kiongozi wa Six Fat Dutchmen, mwenyewe alikuwa mpiga tuba. Kundi hilo, licha ya jina lake, lilizidi watu sita. Tuba ikishuka kama mtu mnene anayekaa kwenye kochi, mpiga dramsi anabaki na kazi ya kumwinua tu.

Texas ni habari nyingine.

Walowezi wa Kijerumani na Kicheki walifika huko na kodiani na polka zao. Watu wenye asili ya Meksiko waliokuwa wakiishi katika ardhi hiyo wakavichukua vyote viwili na kuvifanya vyao. Mwaka 1936 Narciso Martínez alirekodi polka zake, na akafanya uamuzi mmoja ulioonekana mdogo: mkono wa kushoto wa kodiani, ule wa vitufe vya besi, akauacha upumzike. Besi na kiitikio akamwachia Santiago Almeida na bajo sexto yake, gita nene la nyuzi kumi na mbili. Kodiani ikabaki na mkono wa kulia tu, nyepesi, inakimbia. Chini yake pakafunguka nafasi.

Dramsi zilikuja kuijaza nafasi ile mwishoni mwa miaka ya 1940. Anayetajwa kuzileta ni Valerio Longoria, mpiga kodiani aliyewahi kwenda Ujerumani akiwa askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya hapo mashambani kulikuwa na tambora, ngoma ya kienyeji iliyowambwa ngozi ya mbuzi, lakini kwenye santuri haikupata nafasi. Hata seti ya kisasa ilipigwa vita mwanzoni kwa madai kwamba ina kelele. Tony de la Rosa, kijana wa Sarita aliyezaliwa 1931, hakusikiliza malalamiko hayo. Katika miaka ya 1950 aliweka dramsi, akaweka besi ya umeme, akaunganisha bajo sexto na spika, kisha akafanya lile ambalo Li'l Wally alikuwa analifanya Chicago miaka hiyohiyo: akapunguza mwendo.

Fikiria maana ya jambo hilo kwa mwenye kodiani. Kabla ya dramsi alikuwa na mzigo wa kutunza mwendo, kwa hiyo hakuweza kunyamaza. Angenyamaza, wimbo ungeanguka. Dramsi zikishakaa chini yake, akaweza kukata sauti, kupiga noti fupifupi zenye mapengo, kusita, kuingia tena. Kodiani ya de la Rosa, ile inayosifiwa kwa ukavu wake, imekaa juu ya mabega ya mpiga dramsi. Sakafuni watu wakaacha kuruka, wakaanza kuteleza kwa hatua za chini zilizoitwa tacuachito, kwa jina la mnyama mdogo wa huko anayetembea taratibu. Polka, dansi ya kuruka, ikageuka dansi ya kuteleza. "Dum" ni ileile, lakini "pa" imewekwa nyuma kidogo, haihati inafunga kwa upole, na nyonga zinapata muda wa kufika.

Kati ya wapiga dramsi wa San Antonio wanaofahamika kwa majina, wangu ni Ernie Durawa, wa Texas Tornados. Kundi hilo lilikuwa na vigogo wanne mbele, Freddy Fender, Doug Sahm, Augie Meyers na Flaco Jiménez wa kodiani, kila mmoja na muziki wake. Usiku mmoja jukwaani Durawa alitakiwa kupiga roki, bolero, nyimbo za kantri na polka, wakati mwingine bila pumziko katikati. "Soy de San Luis", wimbo wa baba yake Flaco, uliwapa tuzo ya Grammy mwaka 1991. Usikilize ukimfuata Durawa peke yake. Haongezi kitu. Anaijua polka ya kwao kiasi kwamba hata nguvu ya roki aliyotoka kuipiga dakika tano zilizopita ameiacha mlangoni.

Wa mwisho kwenye orodha yangu hakuwahi kuwa mtu wa polka, na ndiye niliyetumia muda mrefu zaidi kumtafuta kwenye picha za zamani za televisheni.

Paul Humphrey alizaliwa Detroit mwaka 1935, Mmarekani Mweusi, na kufikia miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa wapiga dramsi wa studio waliotafutwa sana Los Angeles. Ukiisikia "Let's Get It On" ya Marvin Gaye, dramsi ni zake. Ukiisikia "Black Cow" ya Steely Dan, ni zake. Mwaka 1976 akaajiriwa kwenye kipindi cha Lawrence Welk, akichukua kiti cha Johnny Klein aliyekikalia zaidi ya miaka 20. Welk alikuwa mtoto wa wakulima wa asili ya Kijerumani huko North Dakota, kipindi chake kilikuwa cha wazee na familia zao, na kila mara Myron Floren angesimama mbele na kodiani yake kuwapa polka. Humphrey akawapigia polka hizo hadi kipindi kilipofungwa mwaka 1982.

Niliogopa kwamba nitamwona amechoka, mtu mkubwa aliyekubali kazi ndogo kwa ajili ya mshahara. Sikuyaona hayo. Anapiga polka kama mtu aliyeisoma na kuiheshimu. Mgongo umenyooka, mkono wa kulia unagusa toazi kwa ncha tu, na wa kushoto, ule mkono ulioweka pigo la pili la "Let's Get It On" nyuma kiasi cha watu kuhisi joto, hapa unaliweka mbele kidogo, pale hasa ambapo hatua ya polka inalitaka. Mtu yuleyule, snea, kijiti, na tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde ambayo saa ya ukutani haiwezi kuipima. Nilirudisha nyuma, nikatazama tena. Kamera ilimpita haraka ikienda kwa Floren na wacheza dansi, kama zinavyofanya kamera zote, na ilinibidi ningoje hadi irudi.

Nilimpigia dada simu Milwaukee kumwelezea. Akacheka, akasema Ijumaa hiyo walikuwa wametoka ukumbini, yule mzee bado anapiga, na pochi amebadilisha, amenunua mpya. Nikamuuliza sauti ikoje.

"Bado ngumu, kaka," akasema. "Anasema ataizoesha."